Mjomba, Baba na Karatasi: Historia ya Wosia kwa Mabinti wa Dumila

Ukitoka Morogoro kuelekea Dodoma, baada ya kilomita kama 70 unaingia Dumila, pale barabara ya Kilosa inapochepuka. Nyanya, vitunguu na magunia ya mahindi vimepangwa kando ya lami, na nyuma ya meza hizo kuna viwanja ambavyo thamani yake imepanda kadiri magari yalivyoongezeka. Mtu akifariki hapa akaacha nyumba ya bati, ekari kadhaa katika bonde la mto Mkundi na mabinti watatu, si rahisi kusema mali hiyo ni ya nani kabla ya kuuliza marehemu alikuwa kabila gani, dini gani, na aliishi vipi. Kama alikuwa Mkaguru, wazee watataja ukoo wa mama. Kama alikuwa Mgogo aliyehamia kutoka Dodoma, watataja ukoo wa baba. Mali ya Muislamu itagawanywa kwa hesabu za Kurani. Na Mkristo aliyeachana na mila anaweza kuangukia sheria iliyotungwa India mwaka 1865, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika nasi tukaendelea kuitumia.

Katikati ya sheria hizo zote wapo mume na mke ambao wamelima pamoja miaka 30 na wanataka jasho lao liwafikie watoto wao wa kike. Wosia umekuwa njia yao, na historia yake ni ya wanandoa kujaribu kusema neno mbele ya koo mbili ambazo kila moja ilikuwa imeshaamua.

Pande hizi ni nchi ya ukoo wa mama. Wakaguru, Wasagara, Wavidunda, Waluguru, Wanguu, Wakutu, Wakwere, Wazigua na Wazaramo, wote hawa kwa asili walihesabu nasaba kwa mama. Mwanaanthropolojia Mmarekani Thomas Beidelman, aliyeishi na Wakaguru wa Kilosa kuanzia mwaka 1957, aliwaweka pamoja katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu jamii hizo za mashariki mwa Tanzania. Mtoto alizaliwa ndani ya ukoo wa mama yake. Baba alimlea, akampenda, akamfundisha kazi, lakini kwa hesabu ya ukoo baba yule alikuwa mtu wa ukoo mwingine. Warithi wa mwanamume walikuwa ndugu zake wa tumbo moja na watoto wa dada zake. Mpwa alimrithi mjomba.

Kwa binti, mpango huu ulikuwa na sura mbili. Vitu vya mama vilikwenda kwake bila ubishi: vyungu, kinu, shanga, nguo, mbuzi aliowafuga mwenyewe. Shamba alilolima mama katika ardhi ya ukoo wake alilishika binti, maana ukoo uliendelea kupitia kwake. Binti wa Kikaguru au wa Kiluguru hakukosa ardhi. Alichokosa ni ardhi ya baba yake. Na hata ile ya ukoo wa mama, aliyekaa barazani na kuamua nani alime wapi kwa kawaida alikuwa mjomba. Ni vema tulikumbuke hilo, kwa sababu wapo wanaosimulia ukoo wa mama kana kwamba ulikuwa utawala wa wanawake. Ardhi ilipita kwa wanawake, lakini sauti iliyoiamua mara nyingi ilikuwa ya kaka zao.

Je, baba aliyetaka kumwachia binti yake kitu alifanyaje? Njia ya kwanza ilikuwa kumpa angali hai. Mbuzi, jembe au kipande cha pori alichofyeka kwa mikono yake vilitolewa mchana kweupe, majirani wakiona, ili siku ya msiba pasiwe na wa kusema hakujua. Huko Uluguru, mtu aliyelima ardhi ya ukoo usio wake alitoa ngoto, malipo madogo ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Watoto wa mwanaume wa ukoo waliweza kulima ardhi ya baba yao kwa utaratibu wa namna hiyo, mradi heshima ilipelekwa. Njia ya pili ilikuwa usia wa mdomo. Mzee alipohisi siku zake zimekaribia aliwaita ndugu zake, shemeji zake na mkewe, akasema: hiki ni cha fulani, kile cha fulani. Nguvu ya usia huo ilikuwa katika masikio ya waliousikia. Ukoo ukikubali, umetimia. Ukoo ukikataa, maneno yalizikwa pamoja na msemaji.

Kilichobadilisha mambo ni aina ya mali. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kilosa muda mfupi baadaye. Yakafuata mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, pamba, na vibarua kutoka kila upande wa nchi. Misheni ya CMS (Church Missionary Society), iliyojenga Mamboya karibu na mwaka 1880, ilileta kusoma na kuandika pamoja na ndoa ya kanisani, ambayo iliwafundisha mume na mke kujiona kama nyumba moja. Mwanaume akapata mshahara. Mwanamke akauza pombe, mahindi na mboga kwa watu wa mashamba. Fedha zao zikawa cherehani, baiskeli, mabati, na baadaye mashine ya kusaga.

Nyumba ya miti na nyasi haikuwa na mgogoro mkubwa wa mirathi, maana baada ya miaka michache ilianguka yenyewe. Nyumba ya bati ni jambo jingine. Inamzidi mjenzi wake umri. Mume akifariki, wapwa zake wanakuja kuchukua mali ya mjomba wao kwa mujibu wa mila isiyo na hila ndani yake, na mjane aliyechota maji ya kufyatulia matofali anaonekana mgeni katika nyumba aliyoijenga. Mabinti zake nao ni watu wa ukoo wa mama yao, kwa hiyo kwa wapwa ni wageni vilevile. Mila ilipangwa wakati mali kubwa ilikuwa ya ukoo mzima. Sasa mali kubwa ilikuwa imetengenezwa na watu wawili wa koo mbili tofauti, na mila haikuwa na mahali pa kuiweka.

Jambo hili halikuwa la Kilosa peke yake. Kwa Waasante wa Ghana, ambao nao huhesabu nasaba kwa mama, zao la kakao lilileta mvutano uleule mwanzoni mwa karne ya 20. Mume alipanda kakao akisaidiwa na mke na watoto, kisha akifa shamba likaenda kwa wapwa. Baba walioona mbali walianza kuwapa wake na watoto mashamba wangali hai mbele ya mashahidi, wengine wakaandika wosia. Serikali ya Ghana iliushughulikia mvutano huo kwa sheria ya mwaka 1985, iliyoweka fungu la mjane na la watoto pale marehemu alipokufa bila wosia.

Wala tusidhani huko walikotoka watawala wetu wa kikoloni mambo yalikuwa mepesi. Uingereza iliruhusu wosia wa ardhi kwa sheria ya mwaka 1540, lakini mwanamke aliyeolewa alizuiwa kuandika wosia wa ardhi. Mali yake ilimezwa na ya mumewe hadi Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa ya mwaka 1882. Mama wa Kikaguru wa mwaka 1850, aliyewaachia binti zake mbuzi wake bila kumwomba mume ruhusa, alikuwa na uhuru juu ya mali yake ambao mke wa London hakuwa nao.

Baada ya uhuru Tanganyika ilitaka kuzikusanya mila za makabila ziwe sheria moja iliyoandikwa. Kazi hiyo ilianzwa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtaalamu wa mila wa serikali na aliyefariki mwaka 1962. Matunda yake yalitangazwa mwaka 1963 katika Gazeti la Serikali, na tangazo la mirathi na wosia ndilo lile maarufu, GN 436. Lilitungwa kwa kufuata makabila ya ukoo wa baba, na likamweka binti daraja la tatu: kwanza mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza, kisha wana wengine wa kiume, mwisho mabinti. Mwanamke aliweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo angeitumia tu maisha yake bila kuiuza, isipokuwa pale ambapo hakuna mwanaume wa ukoo aliyebaki. Mjane hakuwa na fungu ikiwa mumewe ameacha ndugu wa damu. Sehemu yake ilikuwa kutunzwa na watoto wake.

Wakaguru na majirani zao wa ukoo wa mama waliachwa nje ya tangazo hilo. Mila zao hazikuandikwa katika sheria ile, na kila shauri likaendelea kutegemea wazee watakaoitwa mahakamani kueleza desturi. Naona hapa ndipo mabinti wa Kilosa walipopoteza kitu bila mtu kukusudia. Desturi iliyowapa ardhi kupitia mama ilibaki ya mdomo, na ile iliyowaweka daraja la tatu ikapigwa chapa. Kadiri miaka ilivyokwenda, Dumila ilijaa wahamiaji: Wagogo, Wahehe, Wapare, Wachaga, Wasukuma, wafugaji wa Kimasai na Kibarabaigi. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 nayo ilihamisha watu kutoka ardhi za koo zao na kuwapanga upya. Binti wa Mkaguru aliyeolewa na Mgogo alijikuta hana mjomba mwenye ardhi ya kumpa, wala hana nafasi mbele ya shemeji zake. Watoto wake wa kike wakazaliwa kati ya mila mbili, na kila mila ikawasukuma kwa mwenzake.

Hata hivyo, tangazo hilohilo la 1963 liliweka ndani yake sheria za wosia ambazo ni za maana sana, na wazazi wachache wanazijua. Wosia unaweza kuwa wa mdomo au wa maandishi. Wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wa maandishi uandikwe kwa wino usiofutika, si kwa penseli, uwe na tarehe na sahihi ya mwenye wosia au dole gumba lake, pamoja na mashahidi wanaojua kusoma na kuandika. Ukishaandikwa hauwezi kufutwa kwa wosia wa mdomo. Na lipo sharti moja ambalo ningependa kila mke wa Dumila alijue: mke au wake wa mwenye wosia walio nyumbani wakati huo nao lazima washuhudie. Sheria iliyomnyima mjane fungu ilimlazimisha mume amweke mkewe mezani wakati wa kuandika. Mke anayejua kilichoandikwa ni vigumu kudanganywa siku ya arobaini, kikao cha ukoo kinapokaa na muhtasari unapoandikwa kupelekwa Mahakama ya Mwanzo.

Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi katika wilaya ya Kilosa, hesabu ni nyingine. Binti ana fungu lake lisiloondolewa na mjomba wala kaka. Akiwa peke yake bila kaka hupata nusu. Wakiwa wawili au zaidi hugawana theluthi mbili. Wakiwapo wana wa kiume, kila binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Wasia hauvuki theluthi moja ya mali, na haumwongezei mrithi isipokuwa warithi wengine wameridhia baada ya kifo. Kwa hiyo mzazi wa Kiislamu aliyetaka kumpa binti zaidi ya fungu lake alitumia hiba, yaani kumpa akiwa hai na kumkabidhi kabisa, au waqfu. Katika mwambao na Zanzibar, hiba na waqfu vilitumika kuwawekea wanawake nyumba na mashamba. Ardhi ya bara iliyohesabiwa kuwa ya ukoo ilileta ubishi zaidi, kwa sababu wazee waliweza kukubali fungu la binti msikitini kisha wakadai shambani kwamba ardhi ile haikuwa ya marehemu tangu mwanzo.

Shauri lililofungua njia halikutoka Kilosa. Lilitoka Kagera, na lilianza na wosia wa baba kwa binti. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka akakosa wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 aliiuza kwa Gervazi Kaizilege, mtu wa nje ya ukoo, kwa shilingi 300,000. Kesho yake mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alifungua shauri Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilaya ya Muleba, akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye, Mahakama ya Wilaya ikaugeuza uamuzi huo, na shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza.

Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu. Alisema Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 inakataza ubaguzi, Tanzania imeridhia mikataba ya kimataifa inayokataza ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwanaume wa Kihaya ameruhusiwa kuuza ardhi ya ukoo huku wenzake wakiwa na haki ya kuikomboa. Basi mwanamke awe na haki hiyohiyo kwa masharti hayohayo. Mauzo yakabaki halali, na wanaukoo wakapewa miezi sita kuikomboa kwa shilingi 300,000 zilezile wakitaka.

Katika hukumu hii kuna jambo ambalo hutajwa mara chache. Wosia haukuwa na tatizo. Baba alikuwa ameandika, binti alikuwa ameshika ardhi, na hakuna aliyedai aondoke. Kilichopingwa ni kuitumia kama mwenye mali. Wosia ulimpa ardhi huku mila ikimfunga mikono. Mpaka pale wazazi waliweza kumwachia binti shamba la kulima na kula, lakini si shamba la kuuza alipougua.

Sheria zilizofuata na zilizotangulia hukumu hiyo zikawa nguzo za pembeni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imeshatamka kwamba mke ana haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kutoa mali, na kwamba ndoa peke yake haibadilishi mali ya mmoja kuwa ya mwingine. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kisha zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Sheria ya vijiji ilibatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi, na ikasema wazi kwamba hakimiliki ya kimila hurithishwa na inaweza kutolewa kwa wosia. Kwa Dumila na vijiji vinavyoizunguka, hilo ni jambo kubwa. Shamba la kijijini ambalo zamani lilirudi kwa ukoo sasa linaweza, kwa sheria, kwenda kwa binti aliyetajwa kwa jina.

Lakini GN 436 haikuondolewa na hukumu ya Mwanza. Wajane wawili walipoipinga mahakamani, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2006 kwamba ina ubaguzi, ila ikakataa kuifuta, ikiogopa kufungua mlango wa kila mila kupingwa. Rufaa yao ikatupwa kwa sababu za kiufundi mwaka 2010. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania imekiuka haki za wajane hao na ikaitaka ibadilishe sheria zake. Mahakama iliyoona ubaguzi kisha ikauacha palepale iliwatupia raia mzigo wake. Mzazi asipoandika, binti anabaki chini ya huruma ya kikao.

Ndiyo maana maneno haya nayaelekeza kwa wanandoa wa Dumila, Magole, Rudewa na vijiji vyote vya Kilosa. Kila mmoja wenu ana mali yake, hivyo kila mmoja aandike wosia wake. Mume hawezi kugawa sehemu ya mke. Andikeni mkiwa wazima. Tajeni kila mtoto kwa jina, na kila shamba kwa mipaka yake na majirani wake. Tengeni ardhi mliyoipata kwa ukoo na ile mliyonunua kwa fedha zenu, maana ugomvi mwingi huanzia kwenye mchanganyiko huo. Mashahidi wasiwe wale wanaoachiwa mali, isipokuwa pale sheria inapomtaka mke ashuhudie. Kama ni Waislamu na mnataka kumwongezea binti, mpeni sasa na mkabidhini, msingoje kifo. Mwiteni mjomba na shangazi wasikie kwa masikio yao, kwa sababu hata leo wosia usiojulikana na ukoo hupata shida kikaoni.

Wala karatasi isikae chini ya godoro. Mafuriko ya Januari 2014 yaliyokata barabara kuu hapa Dumila yaliingia majumbani mwa watu, na nyaraka hazijui kuogelea. RITA, wakala wa serikali wa usajili, hupokea wosia na kuutunza. Nakala moja ipelekeni huko, nyingine mwachieni mtu mnayemwamini, kisha mwambieni binti yenu iko wapi.